Namna ya kuzunguka miji ya bandari ya zamani kwa boti ukianzia Unguja

Kila msimu zikianza kuingia zile meli kubwa nyeupe za kitalii pale Malindi, bandari yetu ya Unguja, ghorofa juu ya ghorofa, watu wetu wanapiga picha wanapost halafu wanaanza kuulizana, hivi na sie siku moja hatuwezi kupanda kitu kama kile tukazunguka miji? Jibu langu mie ni kwamba unaweza kuzunguka, tena ile meli huihitaji. Mtu wa ile meli anashushwa asubuhi, anakokotwa Mji Mkongwe, anapelekwa shamba la viungo kunusishwa mdalasini, jioni kesharudi chumbani kwake na kesho yuko bandari nyengine. Picha anazo lkn mji hajauona. Sie tuna boti zetu za kila siku, lugha moja pwani nzima, na gharama yake ukiipanga vizuri hata huyo mtalii ataionea wivu.

Mzunguko ninaoupenda ni huu: Unguja, unavuka mpaka Mkoani Pemba, unapanda Chake na Wete, unavuka tena mpaka Tanga, unashuka Pangani, Bagamoyo, Dar, mwenye nguvu anaongeza Kilwa, halafu Dar unapanda boti unarudi nyumbani. Si yote baharini, kipande cha Tanga mpaka Dar ni basi, usije ukasema nimekudanganya. Siku kumi zinatosha kwa mwendo wa starehe bila Kilwa, na Kilwa iongezee nne.

Kwa nini uanze kaskazini na usianze Dar kama watu wengi? Sababu ni chombo cha Pemba kwenda Tanga, hakipo kila siku na ratiba yake hubadilika, wakati boti za Dar na Unguja zinakwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku. Kwa iyo unachokishika kwanza ni kile kigumu. Uliza ofisi za boti siku gani kuna chombo cha Tanga na kinaondokea Mkoani au Wete, hio siku ndo unaiandika katikati ya karatasi, halafu unahesabu nyuma siku zako za Pemba na mbele siku zako za bara. Ukipanga kinyume chake, ukafika Tanga bila kujua chombo lini, utakaa hotelini kuhesabu feni.

Sasa kabla ya tiketi kuna upepo, na hapa watu wa siku hizi wanapuuza sana mana tumezoea kuangalia simu tu. Kusi, upepo wa kutoka kusini, linavuma kuanzia kama Juni mpaka Septemba, na Juni na Julai linakuwa kali hasa, bahari inachafuka. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ni Disemba mpaka kama Machi, joto lake unalijua. Masika ya Machi mpaka Mei ni mvua, na magofu mengi ninayokutajia hapa yana njia za udongo, utatembea na matope mpaka magotini. Mie ningechagua Oktoba na Novemba, wakati kusi limeshachoka na kaskazi halijakamata, vuli inanyesha kidogo lkn haikuzuii kitu, au la mwisho wa Januari mpaka Machi inapoanza. Na hizi pepo usizione ni habari ya kutapika tu, ndo zilizojenga hii miji yote. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, yakangoja miezi kusi ligeuke ndo yarudi, na mtu akikaa miezi mahali atatafuta nyumba, atatafuta mke, atajenga msikiti. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini kila mji ulipo upo pale pale penye hori tulivu, yani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na si mahali pengine.

Usalama nao tuseme wazi. Septemba 10, 2011 MV Spice Islander ilizama usiku ikienda Pemba, imejaza kupita kiasi, tukapoteza mamia ya watu. Julai 18, 2012 MV Skagit ikapinduka karibu na Chumbe ikitoka Dar, na angalia mwezi wenyewe, Julai, kusi tupu. Hakuna familia ya Kipemba isiyomjua mtu aliyeguswa. Kwa iyo sheria yangu ni fupi: ukiona chombo kimejaza watu wamekaa mpaka kwenye ngazi na mizigo imeziba njia, shuka, tiketi ipotee. Ukipanda, kabla hujatafuta kiti tafuta majaketi ya kuokolea yamewekwa wapi, na mlango wa nje upande gani. Na wakitangaza safari imeahirishwa kwa hali ya hewa usigombane na yule kijana wa dirishani, hakuuleta yeye huo upepo.

Tiketi nunua dirishani au kwenye ofisi au mtandao wa kampuni yenyewe. Pale nje ya bandari, hasa upande wa Dar, papasi, yani wale madalali wa tiketi, watakuzunguka kila mmoja anasema dirisha limefungwa, tiketi zimekwisha, njoo kwa huyu kaka. Pita. Chukua kitambulisho chako, iwe cha Mzanzibari mkaazi au cha NIDA, mana bei ya mkaazi ni ndogo kuliko ya mgeni, na jina la kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho. Wakati wa Idi na skuli zikifungwa usitegemee kununua siku ile ile, hasa ya Pemba, kila mtu anakwenda kwao.

Kuhusu moyo kuchafuka. Usipande na njaa na usipande umeshiba pilau, kula kitu kikavu, mkate au muhogo wa kuchemsha, na tangawizi mbichi kipande uitafune taratibu. Kaa chini na katikati ya chombo kuelekea tezi, yani nyuma, mana omo ndo panaporuka zaidi, hata kama pale mbele viti vinaonekana vya kifalme. Ukihisi mate yanajaa toka nje uangalie mbali kule mbingu inapokutana na maji, acha simu. Mwenye kujijua ameze kidonge kabla, duka la dawa wanavyo, mana ukishaanza kutapika kidonge hakisaidii. Na wale wahudumu wakipita na mifuko chukua mmoja, hata kama wewe jasiri, jirani yako ataukosa.

Pale Malindi asubuhi ya boti ya Pemba ni mchezo wa kuangalia wenyewe. Mahamali na magari yao ya kusukuma wanapiga kelele "pisha pisha!", godoro limefungwa kamba linapita juu ya vichwa, boksi la vifaranga linalia, bibi mmoja kakalia ndoo yake ya rangi haondoki mpaka aione inapanda. Hamali mpatane bei kabla hajagusa begi. Mzigo wako uwe begi moja la mgongoni tu, mana utashuka na kupanda mara nyingi, na ndani yake weka mfuko wa nailoni wa kufungia simu na karatasi, maji ya chumvi yanarushwa mpaka unapokaa.

Unguja yenyewe usiiruke kwa sababu eti ni kwetu. Watu wangapi wamezaliwa Michenzani na hawajawahi kwenda kuuona msikiti wa Kizimkazi Dimbani? Ukifika kwa nje utaona msikiti wa kawaida wa bati, lkn mwombe mwangalizi kwa adabu, vua viatu, uende kibla, uyaone yale maandishi ya Kikufi, Kiarabu cha mtindo wa zamani, yaliyochongwa kwenye mawe ya matumbawe, yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yani 1107. Mjini ukutane na Ngome Kongwe, kanisa la Mkunazini lililojengwa pale pale lilipokuwa soko la watumwa baada ya kufungwa 1873, na Beit al Ajaib, jumba la Sultani Sayyid Barghash la 1883, maskini sehemu yake iliporomoka Disemba 25, 2020.

Pemba nipe nafasi niseme kidogo zaidi. Ukishuka Mkoani usikimbilie gari ya kwanza, simama geuka uangalie bandari ilivyo na kina, vyombo vikubwa vinaegesha. Halafu ukifika Chake, kilomita kama 30, ushuke chini kwenye hori lao uone: mikoko, tope, ngalawa zimelala ubavu zinasubiri maji. Chake ndo mji mkubwa, una ngome ya zamani ambayo sasa ni makumbusho, lkn meli haifiki, maji hayatoshi. Hapo ndo utaanza kuelewa hii safari nzima ninavyoiona mimi: miji hii iliinuka na kufa kwa kina cha maji. Kila bandari utakayofika jiulize swali hilo moja, chombo gani kiliweza kuingia hapa na kwa nini kikaacha, na utaona historia inajieleza yenyewe bila muongozaji.

Kutoka Chake chukua siku nzima ya Ras Mkumbuu kwa mashua, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, na hapa maji ni mwalimu, kwenye hori lile unatoka na kurudi na maji kujaa. Zungumza na nahodha jana yake, akikwambia alfajiri ni alfajiri, usimwambie ngoja nimalize chai. Siku ya pili nenda Pujini, kama kilomita 10 kusini mashariki, kwenye ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa pale. Wazee wanasimulia alikuwa mkali kiasi kwamba watumishi wake walibeba mawe huku wakijiburuza kwa makalio. Kinachonifurahisha zaidi pale ni kisima. Kina ukuta katikati, na hadithi inasema bwana alikuwa na wake wawili wenye wivu, mmoja anashuka kwa ngazi upande wake, mwengine anateka kwa ndoo na kamba upande wa pili, wasionane. Simama pale juu uutazame ule ukuta, halafu mwambie mtu yeyote kwamba matatizo ya ndoa ni ya siku hizi.

Wete ni kupumzika, na kama umekuja msimu wa karafuu basi barabara yote kutoka Chake utaona majamvi yameanikwa mbele ya nyumba, harufu inaingia mpaka ndani ya gari. Usikanyage jamvi la mtu, hio ni fedha ya ada ya skuli imelala pale.

Kivuko cha Tanga ndo bahari hasa. Mkondo wa Pemba una kina kikubwa mno, zaidi ya mita 800 sehemu nyengine, rangi ya maji inageuka inakuwa bluu nzito. Kama una bahati utaona pomboo.

Tanga wengi wanapita tu, mie nasema lala siku mbili. Mji wa Mjerumani huu, reli ya kwanza ya koloni lao ilianzia hapa 1893, na Novemba 1914 Waingereza waliteremsha askari kutoka India kuja kuuteka wakapigwa vibaya, na nyuki nao wakaingia vitani wakawashambulia, ndo mana wengine wanaviita vita vya nyuki. Ukiwa na gari ya kwenda Pangani, kilomita kama 17 toka Tanga mwombe dereva akushushe Tongoni. Pale kuna makaburi mengi ya nguzo, na ukisogea karibu na nguzo utaona vishimo vya mviringo kwenye chokaa. Ni mahali palipopachikwa mabakuli ya kichina, yamebanduliwa zamani, kimebaki kitako tu cha bakuli kwenye ukuta. Tia kidole taratibu ujue mtu aliyezikwa pale ndugu zake walikuwa na uwezo wa kununua vyombo kutoka China wakavitia kwenye kaburi. Vasco da Gama alipita upande huu mwisho wa miaka ya 1490. Leo nyuma yake ni mikoko na kijiji cha wavuvi.

Pangani ni mji mdogo wa mdomoni mwa mto, majumba ya zamani yanabomoka taratibu na watu wanaishi ndani yake hivo hivo. Hapa ndo Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim, aliyewapiga vita pwani nzima, Disemba 1889. Tembea ukingoni jioni, vuka mto kwa kivuko upande wa pili, kula samaki. Nusu siku na usiku mmoja basi.

Kwenda Bagamoyo rudi Tanga au toka kwa Muheza, panda basi la Dar, na hapa wengi wanakosea wanakwenda mpaka Dar halafu wanarudi: shuka Msata, kuna lami inakatiza moja kwa moja mpaka Bagamoyo. Mwambie kondakta mapema na umkumbushe. Bagamoyo ina misheni ya Wakatoliki ya 1868, ndo mwili wa Livingstone ulipolazwa 1874 kabla ya kusafirishwa kwa njia ya Unguja kwenda Uingereza. Lkn nenda ufukweni kwanza. Maji yanatoka, yanatoka, yanatoka, mashua zinabaki juu ya mchanga na watu wanabeba mizigo mabegani wakitembea kwenye maji ya magoti. Mjerumani aliufanya huu mji makao makuu yake, halafu 1891 akahamia Dar es Salaam, na ukiwa umesimama pale huhitaji kuambiwa sababu, meli za moshi zilitaka kina. Na kusini kidogo, Kaole, ni hadithi ile ile ya zamani zaidi, msikiti wa karne ya 13 na bandari iliyojaa mchanga na mikoko mpaka mji ukafa.

Dar nitapita haraka, wote mnaijua. Kama una saa mbili kabla ya boti angalia lile boma la wakati wa Sayyid Majid, miaka ya 1860, lipo karibu na gati, na makanisa mawili ya Mjerumani. Basi.

Kilwa ni kama kilomita 300 kusini, mabasi yanapatikana Mbagala, na barabara ni lami. Ufike Kilwa Masoko, ukate kibali cha magofu kabla hujakwenda gatini, na uwe na fedha taslimu ya mashua na ya muongozaji, mtandao ukikatika hakuna wa kukuonea huruma. Panda mashua ya tanga kama upepo upo, si mbali. Kule unakovuka, Kilwa Kisiwani, Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika 1331 akausifu mji, Wareno wakauvamia 1505, UNESCO wakauweka kwenye urithi wa dunia 1981. Msikiti mkuu wenye makuba unautosha mchana mzima, lkn vumilia jua utembee mpaka Husuni Kubwa, jumba la Sultan al-Hasan bin Sulaiman, vyumba zaidi ya mia juu ya jabali la bahari. Kuna birika la kuogea lenye pembe nane, kavu sasa, na ngazi zake bado zinakalika. Kaa pale. Mtu aliyelijenga alikuwa anaoga huku anahesabu majahazi yanayoingia na dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji. Muongozaji lipa vizuri, wengi wao ni watoto wa kisiwa kile kile.

Mwenye hati ya kusafiria anaweza kugeuza mzunguko, kutoka Tanga akapanda basi la Mombasa kupitia Horohoro, akaona Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, halafu Lamu. Ni safari nzuri sana lkn mie ningeifanya peke yake, ukiibandika juu ya hii utachoka na utaanza kuchanganya magofu, hili la wapi, lile la wapi.

Nguo chukua za heshima, miskiti ya zamani mingine inasaliwa na makaburi ni ya watu, dada zangu mtandio uwe mkononi. Kofia, tochi ndogo ya Pemba usiku, na chaja ya ziada.

Boti ya kumalizia safari, ya Dar kuja Unguja, panda ya mchana, uwahi kuingia kukiwa bado na mwanga, na mnapokaribia toka nje ukae upande wa kulia, mana chombo kinapita Shangani kwanza, halafu Ngome Kongwe, Beit al Ajaib, ile Dispensari ya zamani yenye roshani za mbao, ndo Malindi. Kama umenunua kitu kipya Dar, simu au vifaa vya umeme, weka risiti mfukoni na si chini ya begi, mizigo inakaguliwa bandarini na foleni ya nyuma yako haina subira.